Kuzaa Dar, kuzaa Leeds
Kifungua mimba wangu nilimzaa Dar. Dawa ya maumivu ilikuwa moja: "Jikaze mama, wenzio wamezaa." Wa pili nimemzaa Uingereza, na mkunga aliniuliza mapema kama nataka gesi au sindano ya mgongo. Ile gesi, nusu oksijeni nusu nitrasi oksaidi, unaivuta mwenyewe uchungu ukipanda. Haiondoi maumivu, inakulewesha tu kidogo (nilicheka peke yangu hadi mume wangu akaogopa). Wifi yangu wa Ufaransa ananishangaa, kwao wazazi zaidi ya 8 kati ya 10 huchomwa epidurali, yaani hiyo sindano ya mgongo. Kwetu wanasifu wanawake kwa uvumilivu. Mimi naona sababu ni kwamba madaktari wa usingizi, ambao ndio huchoma sindano hiyo, ni wachache, na waliopo wanakimbizana na upasuaji.