Pombe yangu ya matufaha imenitoa machozi

Jamani, nilitia nusu kilo ya sukari kwenye lita 5 za juisi ya matufaha nikidhani itatoka tamu. Wapi! Hamira imeila yote, ikaniachia pombe kavu, isiyo na utamu, inayochoma koo. Funda moja tu, masikio yakawaka moto.

Sasa naizimua kwenye glasi, nusu pombe nusu juisi baridi, na hapo inanyweka kabisa. Kuzimua mtungi mzima sithubutu: hamira ikionja sukari mpya inaamka, na chupa iliyozibwa inaweza kupasuka (usiniulize nani alifuta dari). Chupa zilizobaki nimezificha gizani, penye ubaridi, kwa miezi 6. Kulewesha zitalewesha vilevile, ila ule mchomo utakuwa umetulia.

Shida ni kuzisubiri.