Betri inayokufa kila Jumatatu: nimempata anayenyonya umeme

Jumatatu

Nimezungusha ufunguo, starta (mota ya kuwashia injini) ikagonga "tik" moja, basi. Ni Jumatatu ya tatu mfululizo. Jirani kanisaidia kubusti kwa umeme wa betri yake, gari likawaka, na nilijua fika kwamba kesho na keshokutwa litawaka lenyewe bila tabu. Hapo ndipo nilipopata pa kuanzia: Jumanne hadi Ijumaa natembea nalo kila siku na haligomi. Linagoma likilala wikendi nzima.

Njia niliikosea mapema. Lilipogoma mara ya kwanza nilinunua betri mpya bila kupima chochote, kwa kuwa ile ya zamani ilikuwa na miaka mitatu. Mpya nayo ikalala vilevile. Hili linaniuma, maana betri ya gari haikutengenezwa kumalizwa hadi chini. Kila ikikaa tupu, salfeti ya risasi huganda kwenye sahani zake, na sehemu ya uwezo wake hairudi tena hata uichaji usiku kucha.

Jumanne na Jumatano

Nimeichaji usiku, nikaiacha ipumzike saa kadhaa ndipo nikapima. Betri iliyotoka kwenye chaja sasa hivi hudanganya, husoma juu kuliko hali yake. Imesoma volti 12.65, yaani imejaa. Injini ikiwaka nasoma 14.1, nikiwasha taa kubwa na feni inashuka hadi 13.8. Nimeandika kwenye daftari: alternata (mashine inayochaji betri injini ikizunguka) nzima, nikaweka alama ya vema.

Ijumaa jioni nitafungua waya wa hasi kwa spana namba 10 na kuiacha betri palepale ilipo, bila kuunganishwa na gari.

Jumapili jioni

12.6. Haijapoteza kitu. Betri haina kosa. Gari ndilo linalokula umeme likiwa limezimwa.

Jumamosi, wiki ya pili

Siku ya kazi yenyewe. Nimehamisha waya mwekundu wa multimita, kipimo changu cha umeme, kwenye tundu la ampia 10, kisha nikaweka kipimo katikati ya kichwa cha hasi na waya wake, ili kila umeme unaotoka upite ndani ya kipimo. Kwa anayetaka kujaribu: kipimo kikiwa hapo, usiguse swichi ya kuwashia gari. Starta huvuta zaidi ya ampia 100, na fyuzi ya multimita itaungua papo hapo.

Komeo la mlango wa dereva nimelifunga kwa bisibisi huku mlango wenyewe uko wazi, ili gari lidhani limefungwa na bado nifike kwenye fyuzi za chini ya dashibodi. Kisha nikasubiri. Nadhani hapa ndipo wengi tunapopotea: gari la kisasa halilali mara tu unapotoa ufunguo. Mwanzo nilisoma ampia 3.2. Baada ya dakika chache ikashuka hadi 1.4. Baada ya kama dakika 25 ikatua kwenye 0.93 na haikusogea tena.

Gari lililolala vizuri hubaki na miliampia 20 hadi 50, za saa, king'ora na kumbukumbu ya redio. Mimi nina miliampia 930. Kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumatatu asubuhi ni kama saa 60, mara 0.9 ni ampia-saa 54. Betri yangu ikijaa ina ampia-saa 60 tu. Nilipomaliza hesabu hiyo nilikaa chini kwanza.

Nikaanza kuchomoa fyuzi, moja baada ya nyingine, jicho likiwa kwenye kipimo. Ya redio ikapunguza 0.02. Ya taa za ndani, sifuri. Taa ya buti niliishuku sana, nayo sifuri. Nikachomoa relei zote (swichi zinazoendeshwa na umeme) za boksi la kwenye injini. Mwisho fyuzi zote zilikuwa mezani na kipimo bado kinasoma 0.89.

Kwa hiyo kinachonyonya kiko kwenye waya usiopita kwenye maboksi yale. Katika gari langu nyaya hizo ni mbili tu: wa starta na wa alternata. Injini haikuwa imewashwa tangu jana yake. Nikagusa starta, baridi kama chuma chochote. Nikagusa alternata. Ilikuwa na uvuguvugu, kama kikombe kilichotoka kunywewa chai.

Nimetoa waya wa hasi kwanza (ule wa alternata una umeme muda wote), nikafungua nati ya waya mnene, nikaufunika kwa tepu, nikarudisha kipimo: 0.03 na fyuzi zote zikiwa zimerudi mahali pake. Nimeifuta ile alama ya vema.

Jumapili

Alternata iko mezani. Inazalisha mkondo geu, unaobadili mwelekeo kila mara, na dayodi sita huugeuza uwe mnyoofu, wa upande mmoja. Dayodi hizohizo ndizo mlango unaozuia umeme wa betri usirudi nyuma injini ikizimwa. Nimeyeyusha risasi za kuunganishia nikapima kila moja pande zote mbili. Nne zinapitisha upande mmoja tu, kama inavyotakiwa. Mbili zinapitisha kotekote, moja upande wa chanya na moja upande wa hasi. Ingevuja moja tu, ya upande wa pili ingeweza kuziba njia hiyo. Mvujo wenyewe ni mdogo mbele ya makumi ya ampia zinazozalishwa injini ikizunguka, ndiyo maana nilisoma 14.1 na nikaridhika.

Nimebadilisha sahani nzima ya dayodi, si zile mbili peke yake. Zote zimepikwa na joto lilelile.

Jumatatu, wiki ya nne

Wikendi nzima gari halijaguswa. Kabla ya kuwasha nimepima: 12.55. Limewaka mara moja.

Betri ya zamani ilikuwa bado stoo. Nimeiweka kwenye chaja jioni hii. Kesho ikishapumzika nitaona inasoma ngapi.