Jinsi Nilivyoanza Kuiwahi Hasira Kabla Haijafika Dirishani

Kwa miaka sita sasa nimekuwa nikikaa nyuma ya dirisha la ofisi moja ya umma hapa Mombasa, nikishughulikia vitambulisho vilivyopotea, na katika muda huo nimetukanwa mimi, mamangu na kabila langu na watu ambao sikuwa nimewahi kuwaona. Mwanzoni nilikuwa nikijibu. Baadaye nikawa nanyamaza, kisha naenda kulia chooni.

Mambo yalinifika kooni mwaka 2024, muda mfupi baada ya ada ya kupata kitambulisho kingine badala ya kilichopotea kupandishwa kutoka shilingi 100 hadi 1,000. Kijana mmoja aliyevuka feri ya Likoni alfajiri, akapiga foleni hadi karibu na adhuhuri, alinifikia akiwa ameshika noti ya mia mbili. Nilipomtajia ada mpya, na kwamba inalipwa kwa simu kupitia eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, aliirusha bahasha yake kwenye kioo. Karatasi zilitawanyika hadi chini ya benchi, na mama mmoja wa makamo aliyevaa buibui akainama kuziokota moja moja huku akimwambia, "Mwanangu, si huyu aliyepandisha." Kijana akasema kwamba kodi yake ndiyo inayonilipa mshahara. (Nami hukatwa kodi, tena kabla mshahara haujanifikia, lakini hilo nililimeza.)

Msimamizi wangu alitoka akamwomba radhi yeye, mbele yangu, kwa kuwa tulikuwa tumefundishwa kwamba mteja ni mfalme. Msemo huo ni wa dukani, ambako mteja asiyeridhika huhamia duka la pili, na mwenye duka naye anaweza kumtoa mkorofi. Kwetu mwananchi hana pa kuhamia, nami sina ruhusa ya kumnyima haki yake, kwa hiyo hatuna budi kupatana papo hapo, na radhi ya upande mmoja haileti mapatano.

Wiki ile nilianza kuandika katika daftari kila ugomvi: saa, shida yenyewe na neno lililouwasha. Baada ya miezi miwili niliona kwamba wengi hawakukasirishwa na nilichowaambia bali na saa niliyowaambia. Mtu akielezwa saa mbili kasorobo asubuhi kwamba anahitaji abstrakti ya polisi, yaani hati ya kituo inayoonyesha kwamba ameripoti kupotea kwa kitambulisho, hunung'unika kidogo, akaenda kituoni na kurudi. Akielezwa saa saba mchana, baada ya kupoteza kibarua cha siku nzima, yuko radhi kuvunja kioo. Nilikumbuka pia, kwa aibu, mwisho wa Julai 2023, wadukuzi waliposhambulia eCitizen: tulikaa ndani tukitazama kompyuta, na hapana hata mmoja wetu aliyetoka kuwaambia waliokuwa juani kwamba mtandao haupo.

Nikachukua kipande cha boksi na kalamu ya wino mzito, nikaandika mahitaji na ada kwa herufi kubwa, na chini yake: "Mtandao leo: upo." Tangu hapo, kabla ya kufungua, mimi au mwenzangu hupita kwenye foleni tukisalimia, tukimwamkia kila mzee shikamoo, na kukagua karatasi za kila mmoja. Kazi hiyo hutuchukua dakika ishirini.

Wapo ambao boksi haliwasaidii. Ni wale wanaoingia na funguo za gari mkononi, wasiotaka foleni, wanaouliza, "Unanijua mimi ni nani?" Kwa hao nina sentensi moja ninayoisema kwa sauti ya chini: "Nitakuhudumia, bwana, ila si kwa matusi." Nilimwonyesha msimamizi daftari langu, naye akakubali, baada ya kusitasita sana, kwamba mtu akiendelea kutukana baada ya sentensi hiyo, ninainuka, na yeye mwenyewe ndiye anayekuja kukaa dirishani. Alikaa mara mbili tu. Tangu hapo hajataja tena habari za mfalme.

Yule kijana wa Likoni alirudi kuchukua kitambulisho chake. Hakuomba radhi, wala sikuingojea radhi hiyo. Nilipotoka na boksi langu asubuhi hiyo nilimkuta katikati ya foleni, akimwambia mzee aliyekuwa mbele yake, "Babangu, abstrakti unayo? Bila hiyo utarudishwa, na hawa si wao walioweka."