Gitaa la umeme linanguruma? Usibadilishe pikapu kwanza

Hili swali naulizwa sana, hasa na wapiga gitaa wa makanisani, "kaka gitaa langu linanguruma, nibadilishe pikapu?" Pikapu ni kile kidude kilicho chini ya nyuzi kinachodaka mtetemo wake. Tulia kwanza. Chomoa waya wa gitaa kwenye ampu (kikuza sauti) uiache imewaka, kama bado inanguruma basi gitaa unalisingizia tu, tatizo liko kwenye ampu au umeme wenu. Ikinyamaza, rudisha waya alafu shusha volyumu ya gitaa mpaka sifuri, kelele ikiisha ujue inaingilia kwenye pikapu, ikibaki kamata waya na jeki (lile tundu la gitaa la kuchomekea waya), vitikise ukiwa unasikiliza.

Pikapu ya koili moja, kama zile za gitaa aina ya Stratocaster, kunguruma ni asili yake, ni waya mwembamba wa kopa umezungushwa maelfu ya mara kwenye sumaku kwahiyo inadaka mtetemo wa nyuzi na inadaka umeme wa nyumba nzima pia. Umeme wetu ni wa hezi 50 na ndo ule mvumo mzito unaousikia. Ndo maana Seth Lover wa kampuni ya magitaa ya Gibson mwaka 1955 akaja na hambaka, koili mbili zinazopingana ili kelele zijifute zenyewe. Kama huna, geuka taratibu na gitaa lako, kuna upande utakuta imepungua, na sogea mbali na chaja za simu na taa zenye dima (swichi ya kupunguza mwanga).

Ukigusa nyuzi kelele ikapungua, usiogope, ni kawaida. Ila ukigusa nyuzi haibadiliki, ukigusa chuma cha jeki ndo inapungua, fungua gitaa, kuna kawaya kanatoka mgongoni mwa volyumu kwenda kwenye daraja la nyuzi, hako kameachia lehemu. Fundi redio yeyote anakarudisha fasta.

Sasa ethi, ule waya wa usalama unaopeleka ardhini umeme uliovuja, hapa ndo nagombana na watu. Soketi zetu za matundu matatu lile la juu ndo la ethi, ila mtu ana plagi ya pini mbili anachomeka biro tundu la juu ili ifunguke, ampu inawaka, maisha yanaendelea, na inanguruma mpaka misa iishe. Mbaya zaidi kuna wanaokata waya wa ethi makusudi kwasababu ampu na miksa vikiwa kila kimoja na ethi yake vinagombana vinanguruma, na kweli ukikata inanyamaza, ndo mtego wenyewe huo. Siku umeme ukivujia kwenye chuma cha bodi ya ampu unapita kwenye nyuzi, mikononi mwako, unatokea mdomoni kwenye maiki. Leslie Harvey, mpiga gitaa wa bendi ya Stone the Crows, alikufa jukwaani Swansea, Wales, mwaka 1972 kwa kushika maiki yenye shida ya ethi. Nyie chomekeni ampu, miksa na kinanda kwenye ekstensheni moja yenye ethi ya kweli, mara nyingi mngurumo unapungua wenyewe. Na maiki ikikuchoma midomo hata kidogo, zima, ita fundi umeme.

Ile ya kukwaruza ukizungusha volyumu ni vumbi tu, puliza dawa ya kusafishia swichi uzungushe mara kadhaa, sio mafuta ya cherehani jamani. Na nati ya jeki ikilegea usikaze kwa nje tu, shikilia jeki kwa ndani, la sivyo inazunguka yote inakata waya.