Slabu ya Ilazo

Mwaka 2017 Dodoma yote ilikuwa saiti. Serikali ilishatangaza mwaka uliotangulia kwamba safari hii inahamia kweli, viwanja vya Ilazo na Kisasa vikapanda bei, na kila mwenye akiba akataka nyumba ya kupangisha. Mkandarasi aliyeniajiri alipata kazi kadhaa kwa mpigo. Msimamizi wake wa siku zote akampeleka kwenye ile kubwa, mimi akanipa nyumba ya ghorofa moja pale Ilazo. "Utasimamia wewe," akasema, akanikabidhi michoro na daftari la stoo. Mafunzo yangu ya uongozi yaliishia hapo.

Ugumu haukuwa kwenye michoro. Nyapara niliyemkuta alianza kazi ya ujenzi kabla sijazaliwa, na kwa kutazama tu lundo la kokoto angeweza kukwambia litameza mifuko mingapi ya saruji. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo, naye akaniitikia, "Marahaba, binti yangu," halafu kabla jasho halijatoka natakiwa nimwambie ukuta wake umepinda. Vijana wametega masikio kusikia nani atashinda. Bosi nilipomweleza alinijibu kwa mkato: ukicheka na nyani utavuna mabua. Methali hiyo sikuipenda tangu siku ile. Yule mzee hakuwa nyani, na mimi sikuwa na mahindi pale.

Ikafika siku ya kumwaga slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofani. Asiyewahi kukaa saiti hajui presha ya siku hiyo. Mikisa, mashine za kuchanganya zege, imekodiwa, boza la maji limefika, vibarua wamejaa na machepe yao. Zege likishaanza halisimami, kwa sababu saruji inaanza kushika ndani ya saa chache, na ukija kumwaga zege bichi juu ya lililokwisha kukauka unabaki na kiungo dhaifu ambacho baadaye kitakuonyesha ufa. Kwa hiyo kila kitu kinatakiwa kiwe tayari kabla chepe la kwanza halijaingia.

Nilipanda juu saa moja asubuhi. Nondo nilikuwa nimezikagua jana yake jioni, zimefungwa vizuri, nikasaini. Lakini baada ya mimi kuondoka kuna watu walipitisha mbao za njia ya toroli juu ya balkoni, wakazikanyaga nondo za juu zikalala karibu na boksi, yaani mbao za chini zinazolibeba zege. Kwenye slabu ya kawaida iliyoshikiliwa pande zote, katikati yake panavutika upande wa chini, ndiyo maana nondo kubwa hukaa chini. Balkoni inayoning'inia ni kinyume: inavutika juu. Nondo zikilala chini, unachokuwa nacho ni zege tupu lililobeba watu, na siku litakapovunjika halitatoa taarifa.

Chini mikisa ilikwishawashwa. Kijana mmoja akapaza sauti, "Injinia, tuanze, jua linapanda!" Nilishuka nikamfuata nyapara pale alipokuwa anapimisha kokoto, nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "Baba, naomba uje unitazamie kitu huku juu."

Tukapanda wawili tu. Niliweka futi kwenye nondo, naye akaisoma mwenyewe. Mchoro ulitaka milimita 25 kutoka uso wa juu wa slabu. Pale zilikuwa zimeshuka karibu sentimita kumi, kwenye slabu ya sentimita 15.

"Itashika," akasema. "Nondo si zimo?"

"Zimo, baba, lakini zimelala."

"Nimemwaga slabu ngapi mimi, wewe hujazaliwa?"

"Nyingi. Ndiyo maana nimekuita wewe, sikuwaita wale. Lakini balkoni hii ilivyo, leo haimwagwi."

Akanyamaza, akaisoma tena futi. Kisha akauliza swali la mtu anayejua nani analipa: "Bosi anajua?"

Nikampigia bosi palepale, mbele yake. Bosi akasema mwaga, mikisa imeshalipiwa. Nikamwambia sitasaini. Nikamkumbusha Ijumaa Kuu ya 2013, ghorofa 16 zilivyokwenda chini Mtaa wa Indira Gandhi, Dar es Salaam, na watu zaidi ya 30 wakafa. Sisi tuliosoma ujenzi miaka ile tulilihubiriwa jengo lile mpaka tukaliota. Bosi akakata simu bila kusema ndiyo wala hapana.

Mzee akasogea ukingoni. "Zima mikisa!" akafoka. "Nondo za balkoni zimelala, mimi siwezi kumwaga hivi!"

Alisema "mimi", na nikaacha iwe hivyo. Wenzangu niliowasimulia baadaye waliona ameninyang'anya sifa, eti ningemrekebisha mbele ya watu. Mimi naona hapo ndipo kazi ilipowezekana. Amri ile ikitoka kwangu ingejadiliwa mpaka mchana. Ilipotoka kwake, mikisa ilizimwa.

Ikabaki hesabu ya muda. Kunyanyua nondo, kukunja vipande vya kuzishikilia juu na kufunga upya waya kungetupeleka hadi alasiri, kwa hiyo zege lingeisha usiku. Vibarua walikuwa wamepatana kwa mfuko wa saruji, si kwa siku, kwa hiyo hela yao ilikuwa palepale, ila wangerudije makwao usiku, na wangekula nini? Nyapara akaniambia pembeni nani ataondoka hata tukimbembeleza na nani analalamika tu. Nilikwenda kwa mama ntilie wa jirani nikaagiza wali na maharage wa watu wote kwa deni, na jenereta ya taa tukaazima. Fundi mbao, kijana mdogo kabisa, ndiye aliyetoa wazo la kuinua njia ya toroli juu ya miguu yake yenyewe ili isiguse nondo kabisa. Nikampa kazi hiyo na watu wawili.

Tulianza saa kumi. Ilikuwa Julai, upepo wa Dodoma ule mkavu, na jua lilipozama zege likawa halikauki haraka juu kama ambavyo lingekauka mchana. Nilisimama balkoni na tochi. Mzee hakubanduka kwenye mikisa, kwa sababu kibarua akichoka huongeza maji ili zege liteleze, na kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu. Nilimsikia akigombana nao hadi baada ya saa tano.

Bosi alikuja asubuhi, akaikuta slabu imefunikwa magunia na vijana wanamwagilia. Ugomvi wetu haukuwa juu ya balkoni, ulikuwa juu ya wali. Alitaka kujua wali na maharage vimeingiaje kwenye daftari la vifaa. Alilipa nusu, nusu nikalipa mimi kwenye mshahara, na sikuona ghali.

Kazi iliyofuata nilikuwa na nyapara yule tena, Nkuhungu. Jioni moja mzee akanipigia simu: "Binti, njoo na futi yako uone nondo kabla sijakodi mikisa. Na usiku huu nalala hapahapa, hakuna mtu atakayepanda."