Mtungi hunuka, mkaa haunuki

Juni na Julai zikiingia Makete, Njombe, Lushoto au Limuru, madirisha hufungwa tangu alasiri, tambara hubanwa chini ya mlango, mtungi wa gesi hutolewa kibarazani ukaletwa ndani, na jiko la mkaa likaingizwa chumbani "lipunguze baridi". Hapo hatari mbili zisizofanana hukutana chini ya paa moja. Gesi ya mtungi ikivuja, pua inakuambia. Kaboni monoksaidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa, haina harufu, haina rangi na haiwashi macho.

Tuanze na mtungi. Gesi ya kupikia ni propani na butani, na kwa asili yake hainuki. Ile harufu mbaya huongezwa makusudi ili uvujaji ujulikane. Ni nzito kuliko hewa, kati ya mara moja na nusu na mara mbili. Kwa hiyo ikivuja haipandi darini, inatambaa sakafuni, inajaa kwenye kabati la chini na kuingia kwenye mtaro wa maji machafu. Dirisha la juu peke yake halitoshi. Mlango ndio unaoitoa. Ikifika takriban asilimia 2 ya hewa, cheche moja inatosha kuiwasha.

Mara nyingi uvujaji huanzia kwenye maungio. Kabla ya kufunga mtungi mpya, zima kila moto ulio karibu, hata mshumaa, na funga nobu zote za jiko. Chungulia mdomo wa vali: ile pete ndogo ya mpira inayozuia uvujaji (washa) iwepo, isiwe imepasuka wala kukauka. Ikikosekana, rudisha mtungi dukani, usijaribu kuziba kwa kitu kingine. Funga regyuleta, kile kifaa cha juu ya mtungi kinachopunguza presha ya gesi, kisha ivute juu taratibu uone kama imeshika. Mtungi usimame wima siku zote, kwa sababu ukilazwa gesi iliyo bado kimiminika huingia kwenye regyuleta iliyotengenezwa kupitisha mvuke tu.

Mpira uwe wa gesi kweli, wenye maandishi ya kiwango na tarehe, urefu usizidi meta moja na nusu, na klipu ya chuma kila upande. Mpira wa kumwagilia bustani hauvumilii gesi hii. Unaharibika na kupasuka. Ule wa gesi ukunje kwa vidole: ukiona nyufa ndogo au umekuwa mgumu, badilisha leo, hata kama tarehe yake haijapita. Usiupitishe nyuma ya jiko penye joto.

Halafu pima kwa sabuni. Kijiko kimoja cha sabuni ya maji kwenye nusu kikombe cha maji, chovya sponji, fungua vali huku nobu za jiko zikiwa zimefungwa, paka kwenye vali, regyuleta na ncha zote mbili za mpira. Mapovu yakikua, panavuja. Kupima kwa kiberiti ni kutafuta moto.

Na usinunue gesi iliyohamishwa kienyeji kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo. Mtungi hujazwa gesi ya kimiminika hadi asilimia 80 au 85 tu, nafasi inayobaki ni ya kupanukia joto likiongezeka. Anayehamisha vichochoroni hana namna ya kuihakikisha nafasi hiyo. Uzito wa mtungi mtupu umechongwa juu yake: ongeza kilo 6 au 15 ulizolipia, kisha mwambie muuzaji apime mbele yako.

Ukisikia harufu usiguse swichi, si kuwasha wala kuzima, maana zote mbili hutoa cheche. Feni pia iache ilivyo. Funga vali, fungua milango, toa watu, piga simu ukiwa nje: 114 Tanzania, 999 Kenya. Mpira ukiwaka na mkono unafika kwenye vali, funga vali, moto utakufa wenyewe. Kama huwezi kuifunga, toka. Ukiuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka, itajikusanya na kulipuka.

Sasa mkaa, na hapa ndipo watu wanapokufa kimya. Wengi husubiri jiko liwive, moshi uishe, ndipo waliingize ndani. Mkaa mwekundu usio na moshi bado unatoa kaboni monoksaidi, na chumba kikifungwa oksijeni hupungua, sumu ikaongezeka. Beseni la maji pembeni halisaidii, kwa kuwa gesi hii haiyeyuki kwenye maji kwa kiasi cha maana. Dirisha lililoachwa wazi kidole kimoja halimlindi aliyelala. Chemsha maji, yatie kwenye chupa, ifunge kwa kanga, iweke miguuni. Jiko libaki nje.

Hita ya gesi ya chumbani nayo hula hewa nyingi: kilo moja ya gesi huhitaji takriban meta za ujazo 12 za hewa ili iungue vizuri. Hita ya maji ya gesi isiyo na bomba la kutolea moshi nje haifai kabisa kuwekwa bafuni. Moto wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria ni dalili ya kuungua vibaya. Safisha vitundu vya kichomeo kwa brashi, ila usitoboe jeti, kile kitundu kidogo kinachopitisha gesi, ili ipanuke.

Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu kwa pamoja, kisha wakapata nafuu wakitoka nje, msidhani ni malaria. Watoeni kwenye hewa safi, wapelekeni hospitali, na mtaje jiko tangu mapokezi. Kile kipimo cha oksijeni kinachobanwa kidoleni hakitofautishi damu iliyobeba oksijeni na iliyobeba kaboni monoksaidi, kwa hiyo kinaweza kuonyesha 98 kwa mtu anayekufa. Mganga asiyeambiwa habari za mkaa anaweza kumrudisha mgonjwa nyumbani, chumba kilekile.