Kengele ya mlangoni, ila iko kitandani kwa mama

Tangu mama apate kiharusi tunaishi naye hapa Mbagala, na usiku ndo ulikuwa unanimaliza, maana akitaka kwenda chooni haniiti, anasema "nakuonea huruma mwanangu", anajikokota mwenyewe gizani, mara mbili nimemkuta sakafuni. Basi nikawa silali, kitu kikigonga tu nimeshaamka, asubuhi nasinzia kwenye daladala mpaka napitiliza kituo.

Dawa nimeipata Kariakoo na wala sio mtambo wa ajabu, ni ile kengele ya mlangoni isiyo na waya, kitufe nimekifunga kitandani upande wa mkono wake wenye nguvu (mwanzo nilikiweka upande ule mbovu, akili zangu jamani), spika iko chumbani kwangu. Na taa ndogo ya chaji inayowaka yenyewe mtu akipita, njia ya chooni, umeme ukikatika haina habari.

Mashine ya presha nayo tunayo ila nilikuwa nampima akitoka tu kuoga, namba zinaruka, nesi akanambia akae kwanza dakika 5, ategemeze mgongo, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Namba natuma kwenye grupu la WhatsApp, kaka aliyeko Mwanza anaziona.

Kengele wiki ya kwanza aliigomea kabisa. Wiki ya pili saa nane usiku ikalia, nakimbia na kanga moja, eti "nilitaka kujua kama inafanya kazi."